Mnajimu, mwanafalaki na rubani wa Malindi

Hapa Malindi, nikisema nasomesha elimu ya nyota, jibu huwa lile lile: "Basi mwalimu, nitazamie yangu." Siwalaumu. Mnajimu ni munajjim wa Kiarabu, na mzizi wake ni najm, nyota. Ni mtu wa nyota, basi. Neno lenyewe halisemi kama anapima mwendo wa nyota au anaagua.

Wako wanaonishauri nijiite mwanafalaki. Falak kwa Kiarabu ni njia ya mzunguko wa sayari, na Waarabu wa leo humwita falaki yule anayepima; munajjim wamemwachia mtabiri. Kwetu Pwani dawa hiyo haifanyi kazi, maana kupiga falaki nako ni kuagua!

Wala si sisi peke yetu. Aristotle aliita astrologia, neno ambalo leo ni la uaguzi wa nyota, elimu ambayo leo inaitwa astronomia. Ptolemy wa Aleksandria aliandika kitabu cha hesabu za sayari na kingine cha athari zake kwa wanadamu, wala hakuona haya.

Ila mfano ninaoupenda ni wa hapa hapa. Aprili 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi, akavushwa hadi Calicut, Bara Hindi, kwa siku kama 23. Wareno waliandika kwamba rubani huyo aliitwa Malemo Cana, au Malemo Canaqua. Hilo si jina. Malemo ni mwalimu, yaani malimu wa chombo, mjuzi wa njia za baharini. Kanaka ni neno la Bara Hindi, mpiga hesabu za nyota. Vyeo viwili vikageuzwa jina la mtu.

Na hesabu zenyewe hazikuwa ramli. Marubani wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Malindi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi kama 3, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini haionekani kwetu. Ukipanda kaskazini inachomoza, na kila inavyozidi kuinuka unajua umefika wapi. Shajara ya safari ile inataja kwamba siku chache baada ya kung'oa nanga waliiona tena.

Kwa rubani yule, neno mnajimu lilikuwa stahili yake kamili. Mimi kwenye fomu naandika mtaalamu wa astronomia. Ni refu, halina ladha, lakini hakuna aliyelisoma akaniomba hirizi.