Wiki mbili melini si likizo

Wengi huamini kwamba askari wa akiba wa jeshi la majini la Marekani, akipanda meli kwa mafunzo yake ya mwaka, huenda kutalii kwa gharama ya serikali. Inaeleweka, kwa kuwa muda ni mfupi: takriban wiki mbili. Lakini kwa siku hizo yuko kazini kamili, chini ya sheria za kijeshi. Hupangiwa zamu, hata ya usiku wa manane, na king'ora cha zoezi la moto kikilia huburuta mpira wa maji pamoja na wenzake. Wengine hata meli hawapandi. Hufanyia mafunzo nchi kavu. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba mafunzo haya huhesabiwa kuwa utumishi wa kijeshi: sheria ya Marekani ya 1994 (USERRA), inayolinda ajira ya kiraia ya askari wa akiba awapo kwenye mafunzo hayo, inasomeka bure mtandaoni.