Mlango Ukishuka, Anzia Kwenye Chasisi

Wiki mbili zilizopita nililetewa Land Rover Defender ambayo mlango wake wa dereva haukufunga mpaka uinuliwe kwa mkono na kusukumwa kwa bega. Mwenyewe ni mzee anayepeleka vifaa vya visima Kinango, na alikuwa na safari kesho yake. "Fundi, nikazie bawaba tu," aliniambia. Nilimwomba aniachie gari siku nne, kwa sababu nilikwisha kuitazama ile mianya inayouzunguka mlango, na mianya ilikuwa inasema jambo jingine.

Mwanya wa mbele, upande wa bawaba, ulikuwa na upana uleule kutoka juu hadi chini. Mwanya wa nyuma, upande wa kitasa, ulikuwa umebana juu kiasi cha kutopitisha karatasi, na chini uliingiza kidole. Mlango uliolegea bawaba hauonekani hivyo: ncha yake ya nyuma huinama, na mwanya wa mbele nao hupanuka juu na kubana chini. Mwanya wa mbele ukibaki sawa huku wa nyuma umekuwa kama kabari, basi mlango na bawaba zake vimeinama pamoja, maana yake kilichoondoka mahali pake ni nguzo inayobeba bawaba. Katika Defender nguzo hiyo ni sehemu ya ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, na miguu ya ukuta huo imefungwa kwa bolti kwenye mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Nilipoingia chini nikakuta mguu wa kulia umeliwa na kutu hadi ukabonyea, na ukuta wote umelalia nyuma.

Kabla ya kufikia uamuzi kama huo, hata hivyo, bawaba zichunguzwe kwanza. Fungua mlango nusu, ushike kwenye ncha ya kitasa, uunyanyue na kuushusha polepole huku mwenzako ameweka kidole kwenye kila bawaba. Pini iliyochakaa itacheza chini ya kidole chake. Kisha kifungue kile kipande cha nguzo ya nyuma ya mlango kinachokamatwa na kitasa, ukiweke kando kabisa. Kazi yake ni kuukamata mlango uliokwisha kukaa mahali pake, lakini katika gereji nyingi nimeona kikipandishwa ili kiubebe mlango ulioinama. Mlango hufunga kwa mwezi mmoja, halafu kitasa kinavunjika. Wengine huweka kipande cha mbao kwenye maungio ya bawaba na kuusukuma mlango kwa nguvu mpaka chuma kipinde, na gari la mzee huyu lilikuwa limefanyiwa hivyo na fundi aliyetangulia. Alama za mbao bado zilikuwepo, na ubati wa alumini ulikuwa umevimba pembeni. Jambo hilo linaniumiza, kwa kuwa alumini iliyotanuka haina urahisi wa kurudi: ukiigonga zaidi inazidi kutanuka.

Vipimo huchukuliwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne juu ya sakafu bapa. Gurudumu moja likiwa juu ya jeki, chasisi hujipinda kidogo, na mlango utakaoupanga wakati huo utakataa kufunga jeki ikishushwa. Ninashusha timazi kutoka matundu ya bolti ya chasisi, pande zote mbili, ninaweka alama sakafuni, kisha ninapima mishazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kwa futi. Mishazari miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5, siendelei na mlango hata kidogo. Hilo ni suala la chasisi iliyopinda. Uwazi wa mlango wenyewe hauna umbo la mstatili, kwa hiyo mishazari yake hailinganishwi yenyewe kwa yenyewe. Linganisha upande wa kulia na wa kushoto.

Wenye Toyota Land Cruiser watazame pia raba za bodi. Bodi ya Land Cruiser hukaa juu ya raba, tofauti na Defender ambayo bodi yake imefungwa moja kwa moja kwenye chasisi, na raba moja iliyobonyea inatosha kuipindisha bodi hadi milango miwili ya upande mmoja ionekane mibovu. Badilisha raba kabla ya kugusa bawaba.

Kwa gari la mzee nilikata mguu uliooza, nikachomelea chuma kipya, na kabla ya kukaza chochote nikalegeza bolti za ukuta pande zote. Ukuta niliusukuma taratibu kwa jeki ndogo iliyolazwa juu ya kipande cha mbao, nikitazama mwanya wa nyuma. Mlango wakati huo umening'inizwa bila raba yake ya kuzuia maji, kwa sababu raba husukuma na kudanganya vipimo. Katika mianya ninapachika vipande vya plastiki vya milimita 5, na vinapokaa vyote bila kulazimishwa ndipo ninapokaza bolti, kidogo kidogo, kwa zamu.

Kilichobaki hurekebishwa kwa visahani vyembamba nyuma ya bawaba, pale ambapo bawaba inafungwa kwenye uso wa nguzo unaotazama nyuma. Kisahani kwenye bawaba ya chini huinua ncha ya nyuma ya mlango, na kwenye bawaba ya juu huishusha. Hapa pupa huharibu: bawaba zikiwa zimeachana kwa milimita 400 na mlango una upana wa mita moja, kisahani cha milimita 1 huisogeza ncha kwa milimita 2.5. Legeza bawaba moja tu kwa wakati mmoja, na uchore mzingo wake kwanza.

Madigadi na boneti hufuata mlango, wala hazitangulii. Mlango ukishakaa sawa, kuzipanga ni kazi ya saa mbili.

Hapa Mombasa kuna adui wawili wa ziada. Wa kwanza ni chumvi. Mlango wa Defender ni ubati wa alumini uliokunjwa juu ya fremu ya chuma, na unyevu wenye chumvi ukiingia kati yake hupitisha umeme baina ya metali hizo mbili. Alumini huliwa na kuacha unga mweupe, ubati huinuka, mwanya hubadilika ingawa hakuna kilicholegea. Kila ninapounganisha alumini na chuma ninatenganisha kwa rangi na gundi ya kuziba. Wa pili ni jua. Bati la alumini la mita moja likipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 0.7, na chuma kwa nusu yake tu, hivyo vipimo vya mwisho ninavichukua alfajiri, kivulini.

Mlango wa nyuma wa gari hilo nao ulikuwa umeshuka, lakini chanzo chake kilionekana wazi: tairi la akiba lenye rimu ya chuma, likitikisika miaka yote kwenye barabara ya Kinango. Nilibadilisha pini za bawaba, kisha nikamtengenezea mkono wa chuma unaobebwa na chasisi, ambao tairi hukaa juu yake, nao mkono hufunguka kando. Mzee atarudi baada ya kilomita 500 nikaze bolti upya.