Je, wajua kwa nini mapu salama bado huuza siti moja mara mbili?

Chukua programu ya kukatia tiketi za basi linalotoka stendi ya Kange, Tanga, kwenda Dar. Siti zimetunzwa kwenye mapu, yaani hifadhi ya data inayounganisha kila ufunguo na thamani yake: hapa ufunguo ni namba ya siti, thamani ni jina la abiria. Mawakala wanauza kwa wakati mmoja, kila ombi na thredi yake (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine), kwa hiyo imetumika ConcurrentHashMap, mapu iliyokuja na toleo la 5 la lugha ya programu ya Java mwaka 2004 kwa ajili ya thredi nyingi. Hata hivyo siti 14 inapata abiria wawili.

Wengi hudhani ukishatumia mapu hiyo, programu nzima imelindwa. Sivyo. Kinacholindwa ni tendo moja moja. get (kusoma) peke yake ni salama, put (kuandika) peke yake ni salama, ila katikati yake kuna mwanya usio na mlinzi. Wakala wa kwanza anauliza siti 14, anajibiwa null, yaani haina mtu. Kabla hajaandika jina, wa pili naye anauliza, naye anajibiwa null. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli yalipotolewa. Mwanaidi anaandikwa, kisha Hamisi anaandikwa juu yake, na mapu haioni kosa, maana kila tendo lilikamilika sawasawa. Mwanaidi ana tiketi mkononi, jina lake halimo.

Wengine hudhani get hufunga kufuli ili wenzake wasubiri. Kwa kawaida haifungi chochote: husoma thamani ya mwisho iliyokamilika kuandikwa, hata kama kuna anayeandika wakati huohuo. Ndiyo maana ina kasi, na ndiyo maana jibu lake huweza kupitwa na wakati papo hapo.

Dawa ni putIfAbsent, inayouliza na kuandika kwa tendo moja. Ikirudisha null, siti ni yako. Ikirudisha jina, umetanguliwa. Na hapa kuna jambo zuri sana: mapu hii inakataa kabisa kutunza null kama thamani, kwa hiyo null ina maana moja tu, hakuna kitu.

Ila ukitunza kama thamani ArrayList, yaani orodha inayoweza kubadilishwa, ya mizigo ya abiria, get inakupa orodha yenyewe, si nakala. Thredi mbili zikiiongezea mizigo, mapu haizilindi. Tunza orodha isiyobadilika, na ukitaka kuongeza, tengeneza mpya ndani ya compute, inayosoma thamani ya zamani na kuandika mpya kwa tendo moja.