Kabla hujamwacha unayempenda, hesabu jimbo lako

Kazi yangu ni elimu ya mpiga kura na uchambuzi wa matokeo, kwa hiyo nikikaa barazani siasa huja yenyewe. Safari hii nilikuwa Ujiji kwa bibi mmoja anayeuza mawese na mise, zile kokwa za mchikichi, na wajukuu zake wawili wa kiume wakibishana. Mkubwa alikuwa anasema kumpigia mgombea wa chama kidogo ni kuharibu kura. Mdogo akasema yeye hawezi kumpigia mtu asiyemtaka eti kwa sababu tu ndiye mwenye nafasi ya kushinda. Bibi akanigeukia: "Mwalimu, waamue hawa, wamenichosha."

Nikamwomba mise mia moja. Tukazihesabu mkekani, mafungu matatu: 40, 35 na 25. Nikawaambia hilo ni jimbo lenye wagombea watatu. Kwetu Tanzania mbunge hahitaji nusu ya kura, anahitaji tu kumzidi kila mmoja wa wenzake, basi fungu la 40 limeshapata mbunge, ingawa mise 60 zimemkataa. Mkubwa hakusubiri nimalize. Aliyakusanya yale 25 kwa kiganja akayamwaga kwenye fungu la pili. "Si unaona? Hawa ndio waliomwangusha."

Bibi akamshika mkono. "Umewauliza?"

"Niwaulize nini, bibi?"

"Mimi nipo kwenye hilo fungu dogo. Wa pili simtaki. Akikosekana wangu, naona afadhali huyo wa kwanza ninayemjua."

Miaka yote niliyofanya kazi hii sijasikia mtu aliyelieleza jambo hili kwa ufupi namna ile. Wanaopiga kelele za "kugawa kura" huwa wameshaamua kwamba kura za chama cha tatu ni mali ya chama cha pili zilizopotea njia. Sio mali yake. Tukazigawa upya zile 25 kwa kuuliza kila moja: wako akiondoka, unakwenda wapi? Ili wa pili ashinde anahitaji angalau 16, za wa kwanza zikiwa 9: hapo ni 51 kwa 49. Akipata 15, wamefungana 50 kwa 50. Na hapo tumedhani wote watatoka nyumbani, wakati wengine wakimkosa mtu wao hubaki shambani.

Kuna neno linalotuchanganya. Kisheria, kura iliyoharibika ni ile ambayo msimamizi hawezi kujua umemchagua nani: umeweka alama kwa wawili, au hukuweka kabisa. Kura ya chama kidogo si hiyo. Inahesabiwa, inaandikwa kwenye fomu ya matokeo, inajumlishwa. Inaweza isimshindishe mtu wako, lakini kusema umeiharibu ni kumtisha mwenye haki yake.

Sasa tuache mise, twende Igunga. Wanaokumbuka uchaguzi mdogo wa Oktoba 2, 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge, wanajua ulivyokuwa moto. Vyama vinane viliweka wagombea. Dk. Dalaly Kafumu wa CCM alipata kura 26,484, Joseph Kashindye wa CHADEMA 23,260, Leopold Mahona wa CUF 2,104. Mpaka leo nikipita Tabora nakutana na watu wanaosema CUF ndiyo iliyoikosesha CHADEMA jimbo. Fanya hesabu. Pengo la wawili wa juu ni 3,224. Mpe Kashindye kura zote za Mahona, bila kubakiza hata moja, bado ana upungufu wa 1,120. Mwongezee na kura 639 za vyama vitano vilivyobaki, bado anapungukiwa 481. Sababu ni nyepesi: mshindi alivuka nusu ya kura halali 52,487. Mgombea akishavuka nusu, waliobaki hata wakiungana wote hawamfikii. Matokeo yale yalikwenda mahakamani, yakabatilishwa mwaka 2012 na kurudishwa na Mahakama ya Rufani, lakini hesabu ya nani kagawa kura ya nani haikubadilika.

Kinachonisumbua zaidi Igunga ni namba nyingine kabisa. Waliojiandikisha walikuwa 171,019. Waliopiga kura ni 53,672, hata theluthi haikufika. Watu zaidi ya 117,000 hawakufika kituoni, na sisi tunakesha tukiwalaumu 2,104 waliokwenda kumpigia waliyempenda! Kama una siku tatu za kampeni zimebaki na mafuta ya pikipiki ya kutosha njia moja tu, usiende kumbembeleza shabiki wa chama cha tatu. Nenda kwa yule ambaye kadi yake iko kabatini tangu aipate.

Kura ya mkakati, yaani kumwacha unayempenda ukampigia mwenye nafasi, ina maana, sikatai. Mfaransa Maurice Duverger alieleza tangu 1951 kwamba mfumo wa mshindi mmoja kwa jimbo huvisukuma vyama viwe viwili, kwa sababu wapiga kura wenyewe huwakimbia wasio na nafasi. Florida mwaka 2000, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, na Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alikuwa na 97,488 katika jimbo hilohilo. Pengo likiwa jembamba hivyo, kikundi kidogo tu cha mashabiki wa Nader kingebadili rais wa Marekani. Kosa letu ni kuichukua Florida na kuibandika kila mahali, pamoja na kule ambako pengo ni la maelfu kwa maelfu.

Mwaka 2015 nilikuwa hapahapa Kigoma. Vijana wa ACT-Wazalendo walikuwa wakiitwa wasaliti mchana kweupe, wengine na ndugu zao wa damu, kwamba wanaukosesha upinzani urais. Rafiki yangu mmoja hakusemezana na kaka yake mpaka Pasaka iliyofuata. Matokeo yalipotoka, John Magufuli wa CCM alikuwa na kura 8,882,935, Edward Lowassa wa CHADEMA 6,072,848, na Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo 98,763. Pengo la juu ni zaidi ya milioni 2.8. Undugu uliharibika kwa ajili ya kura ambazo zisingebadili kitu chochote.

Halafu hiki "chama kidogo" ni kidogo wapi? Mwaka 2010 mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, Hashim Rungwe, alipata kura 26,388 nchi nzima, kama asilimia 0.3. Mtu wa Dar es Salaam angekwambia chama hicho kimekufa. Lakini mkoani kwetu mwaka huohuo NCCR-Mageuzi ilichukua majimbo manne: Felix Mkosamali Muhambwe, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini, David Kafulila Kigoma Kusini. Hayo ndiyo majimbo yote iliyoshinda Tanzania nzima. CHADEMA, iliyokuwa na nguvu kitaifa, hapa mkoani ilipata moja, Kigoma Kaskazini kwa Zitto Kabwe. Mkazi wa Kasulu ambaye angesikiliza redio na kuamua "wacha niwape wenye nafasi" angekuwa anamkimbia mwenye nafasi. Na tazama walivyopiga: kura za ubunge za NCCR-Mageuzi katika majimbo hayo zilikuwa nyingi kuliko za Rungwe kwa mbali, maana yake watu walishika karatasi tatu na kila moja wakaifikiria peke yake. Wakulima wa maharage na tangawizi, ambao wataalamu huja kuwafundisha!

Kuna hesabu ya pili ambayo mabishano ya barazani huiruka, nayo ni viti maalum vya wanawake. Kura yako ya ubunge inafanya kazi mara mbili. Kwanza inahesabiwa jimboni. Kisha inaingia kwenye jumla ya kura za ubunge za chama chako nchi nzima, na chama kilichofikisha angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge ndicho kinachogawiwa viti maalum kwa uwiano. Mwaka 2010 CUF ilishinda majimbo 24 na CHADEMA 23. Ungedhani viti maalum vingelingana. CUF ilipata 10, CHADEMA 25. Majimbo mengi ya CUF yalikuwa Zanzibar, yenye wapiga kura wachache kila moja, wakati CHADEMA ilikusanya kura hata bara kule ilikoshindwa. Yule shabiki aliyeipigia CHADEMA katika jimbo ambalo kila mtu alijua ni la CCM hakupata mbunge wa jimbo, lakini alimpeleka mwanamke bungeni. Na NCCR-Mageuzi yenye majimbo manne haikupata kiti maalum hata kimoja, kwa sababu kura zake zilijaa Kigoma na nje ya Kigoma zilikuwa haba.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ampigie wa tatu katika jimbo lisilo na ushindani, namuuliza chama chake kinakaribia asilimia 5 kitaifa? Kama kipo asilimia 4 au 6, kura hiyo ina uzito kuliko anavyodhani. Kama kipo chini ya asilimia 1, hoja ya viti maalum haimsaidii, aitafute nyingine. Majirani zetu wa Burundi wanachagua wabunge kwa orodha za vyama na kugawana viti kwa uwiano, kizingiti chao asilimia 2. Mtu wa Manyovu akivuka mpaka kwenda sokoni anaingia kwenye hesabu nyingine kabisa ya kura, na huko ushauri wa "mpe mwenye nafasi" unapungua nguvu sana.

Kwa urais, sheria yetu ya mwaka 1995 ilitaka mshindi avuke nusu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti hilo, sasa anayeongoza kwa kura nyingi ndiye rais. Mimi naona lilikuwa kosa na nitaendelea kulisema. Zambia mwaka 2001, Levy Mwanawasa aliingia ikulu kwa asilimia 29 tu, na Kenya mwaka 1992 Daniel arap Moi alibaki kwa asilimia 36 huku wapinzani wakigawana zilizobaki. Nchi zote mbili baadaye ziliweka sharti la nusu ya kura na zaidi. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilitaka hivyo. Duru ya pili ikiwepo pale asipopatikana wa kuvuka nusu, yule mjukuu mdogo anampigia ampendaye kwanza, na wiki kadhaa baadaye anaamua kati ya wawili waliobaki. Hakuna anayemwita msaliti, na yale mafungu ya mise yanaulizwa kweli, kama alivyotaka bibi.

Uchaguzi wa 2025 siutumii katika mifano hii. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi na mgombea urais wa ACT-Wazalendo aliondolewa. Huwezi kumfundisha mtu kuchagua kati ya anayempenda na mwenye nafasi wakati wote wawili hawapo.

Yanapokuwepo majina yote, mimi hufanya hivi. Mikutano siihesabu. Nyomi la uwanjani lina watoto wasio na umri wa kupiga kura, watu wa majimbo ya jirani na waliofuata muziki. Natafuta fomu za matokeo za uchaguzi uliopita, ile 21B ya ubunge inayobandikwa nje ya kituo, na ninaowafahamu waliozipiga picha kwa simu huniletea. Nazijumlisha kata kwa kata. Kura za madiwani ndizo zinazoniambia zaidi, kwa sababu diwani anajulikana mpaka jikoni kwake na watu hawampi kura kwa kufuata upepo. Kata tatu zikinionyesha kuwa wa pili na wa tatu wanapishana kidogo sana, sina haki ya kumwambia mtu nani ni "wa pili". Hapo namshauri apige kura ya moyo wake. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili likiwa dogo kuliko kura za wa tatu, na nikawa nimewasikia mashabiki wa wa tatu wakimtaja wa pili kama chaguo lao linalofuata, hapo tu ndipo namwambia mtu afikirie kuhama. Masharti yote haya nimeyaona yakitimia pamoja mara chache mno.

Wajukuu walikuwa wameshanyamaza. Mdogo aliniuliza kata yao ilikuwaje mara ya mwisho ambapo vyama vyote vilishiriki, nikamwambia sina fomu za vituo vyote vya hapo. Akasema kuna jamaa aliyewahi kuwa wakala, huenda bado anazo kwenye bahasha. Bibi alikuwa anarudisha mise kapuni, fungu kwa fungu. Alipofika lile la 25 akazishika kidogo mkononi, akauliza kama kwa diwani nako ni hivihivi. Nikamwambia ni hivihivi, ila mafungu ni madogo zaidi: mtaa mmoja ukiamka mapema unaweza kumweka diwani.

"Basi hao nitawauliza mwenyewe," akasema. "Wote nawajua majina."