Kaya ikihama jimbo, mapato huhamaje?

Kila takwimu mpya zikitoka, vyombo vya habari vya Marekani hutangaza kwamba Florida imevuna mabilioni ya dola na California imepoteza mabilioni. Chanzo ni IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, na hesabu yenyewe si ngumu. Anwani iliyo kwenye ritani (fomu ya kutangaza mapato kwa ajili ya kodi) ya mwaka huu inalinganishwa na ya mwaka uliopita. Majimbo yakitofautiana, kaya hiyo imehama.

Tuchukue mfano wa mume, mke na watoto wawili waliojaza ritani ya pamoja wakiwa Queens, New York, kisha mwaka uliofuata wakajaza wakiwa Tampa, Florida. Hapo pana ritani 1, inayochukuliwa kuwa kaya 1. Pana watu 4, maana wategemezi nao huhesabiwa. Na pana mapato, tuseme dola 90,000, baada ya kuondoa vitu ambavyo sheria inaruhusu, kama riba ya mkopo wa chuo. New York inaandikiwa hasara ya 90,000, Florida faida ya 90,000. Ukijumlisha walioingia na kutoa waliotoka, unapata tofauti, yaani faida au hasara ya jimbo kwa jumla. Kati ya 2021 na 2022, hesabu hiyo iliipa Florida zaidi ya dola bilioni 30, huku California ikipungukiwa zaidi ya bilioni 20.

Sasa angalia vizuri hizo 90,000, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Ni mapato yaliyoandikwa kwenye ritani mpya, iliyojazwa baada ya kuhama. Ikiwa mama ni muuguzi aliyepata kazi katika hospitali ya Tampa, mshahara anaolipwa huko hautoki New York hata senti moja. Hospitali aliyoiacha Queens itaajiri muuguzi mwingine, naye atalipwa huko huko na kukatwa kodi huko huko. Lakini kwenye jedwali, New York imepoteza.

Kwa mstaafu mambo ni tofauti kabisa. Pensheni yake na gawio la hisa zake humfuata popote aendapo, na nafasi yake haijazwi na mtu. Tajiri naye ni hivyo hivyo: California hutoza hadi asilimia 13.3 kwa kipato cha juu kabisa, Florida haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo matajiri wachache tu wakiondoka hazina ya jimbo inaumia kweli. Kujumlisha fedha za mstaafu, za tajiri na za muuguzi, kisha kuziita zote "utajiri uliokimbia", ni kumdanganya msomaji.

Tena wasiojaza ritani, wengi wao watu wa kipato kidogo, hawamo kabisa. Wakihama, jedwali halina habari nao.