Mtoto hajabemendwa, mlete kliniki

Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto huku Temeke. Haupiti muda mrefu bila kuletewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye shingo bado inalegea. Nikimuuliza mama alianza kuona lini, ananijibu: tangu ana miezi mitano. Mwaka mzima umepita hapo katikati, huku nyumbani wakisema kabemendwa, yaani kalegea kwa sababu wazazi wamekosea mambo ya unyumba. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kwenye benchi.

Nesi, makuzi si ni mtoto kuongezeka kilo?

Kilo ni sehemu tu. Kuna mwili, kuna akili na maneno, na kuna kuishi na watu: kumtambua mama, kucheka na ndugu, kucheza na wenzake. Makuzi huanza tumboni na hayaishi hadi uzeeni, ila mbio kubwa ni za mwanzo. Mtoto akifika miaka 2, ubongo wake umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndiyo maana hatutaki usubiri.

Nitajuaje kama amechelewa?

Watoto hawalingani, lakini kuna mipaka. Katika miezi 2 anakutabasamia. Miezi 4 shingo imekaza. Kufikia miezi 9 anakaa bila kuegemezwa, na kufikia miezi 18 anatembea mwenyewe. Akiwa na mwaka mmoja ageuke ukimwita jina, na akiwa na miaka 2 aunganishe maneno mawili: "mama maji". Kutambaa kusikutie hofu, wapo wasiotambaa kabisa na wanatembea vizuri.

Akipitiliza mipaka hiyo, mlete wiki hiyohiyo. Na kama alikuwa akiongea au akikaa kisha akaacha, usilale nayo.

Mama mkwe anasema mtoto kabemendwa. Ni kweli?

Hapana. Wanaosema hivyo wanaamini kwamba baba au mama akitoka nje ya ndoa, au wakikutana mapema wakati mtoto ananyonya, mtoto atalegea miguu na kukonda. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa ya mama. Jasho la baba halilegezi miguu ya mtoto. Hapana, na tena hapana.

Wazee wetu waliona jambo la kweli wakalipa jina baya. Mama akishika mimba haraka, mtoto alikuwa anaachishwa ziwa ghafla na kubaki na uji mwepesi kama maji. Alikonda, akanyong'onyea, akashindwa kusimama. Ile ilikuwa njaa. Dawa yake ni chakula na uzazi wa mpango: ngojeni angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba neno hili linamziba mama mdomo. Akija kliniki anaogopa benchi zima litasema alichepuka. Basi anamfunika mtoto kwa khanga, anamficha chumbani, na miezi inakwenda.

Mbona wa jirani alipelekwa kwa mganga akatembea?

Alipelekwa ana miezi mingapi? Mara nyingi jibu ni 13 au 14. Mtoto huyo alikuwa bado ndani ya muda wake. Angetembea hata mngemwacha akicheza uani. Mganga amechukua sifa ya miguu ya mtoto mzima kabisa, na wewe mwenye mtoto anayehitaji tiba kweli unapoteza nusu mwaka ukimfuata. Hajabemendwa. Mlete.

Basi kulegea kunatoka wapi?

Nitataja tunayoyaona sana. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa. Mtoto mchanga aliyepata manjano kali akaachwa bila tiba. Malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Lishe duni. Kwa anayechelewa kuongea, mara nyingi ni masikio: yametoa usaha muda mrefu na hasikii vizuri. Mengine daktari atayatafuta.

Kuhusu manjano naomba tuelewane. Kumwanika mtoto jua la asubuhi si tiba. Manjano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ikifika viganjani na nyayoni, au mtoto akikataa kunyonya, ni hospitali siku hiyohiyo. Manjano kali huharibu ubongo, na ubongo ukishaharibika hatuna cha kuurudisha.

Mtindio wa ubongo, yaani viungo kulegea au kukakamaa kwa sababu ubongo uliumia, hauna dawa ya kuuondoa. Lakini mazoezi ya viungo yakianza mapema, mtoto anaweza kujifunza kukaa, kushika kijiko, kuwasiliana na watu. Huduma hiyo ipo hapa mjini, hospitali ya Muhimbili na hospitali ya CCBRT kule Msasani. Wanaoanza wakiwa na miaka 4, mara nyingi viungo tayari vimekakamaa.

Tumchimbie shimo mchangani asimame? Tumkate udata, ile kamba ya chini ya ulimi, aongee?

Hapana kwa yote mawili. Mchanga haukazi misuli, unamtesa tu mtoto asiyeweza kujitoa. Na wembe wa mtaani unaleta kutoka damu, pepopunda na vidonda vinavyooza. Mtoto asiyeongea apimwe kwanza masikio.

Nyumbani nifanye nini?

Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kutiririka, utie karanga, dagaa waliosagwa au yai. Zungumza naye ukimwogesha, ukipika, ukikunja nguo. Mwache ashike sufuria na vifuniko. Simu si mlezi: chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Nawaona mnavyompa ili anyamaze kwenye foleni, na nawaelewa, lakini anyamazaye kutwa nzima ataongea na nani?

Amemaliza chanjo ya miezi 18. Kliniki bado?

Bado, mpaka miaka 5. Mnapotea hapo hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto kama 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na udumavu hauonekani kwa macho kama hakuna anayempima urefu. Huduma kwa umri huo kwenye vituo vya serikali kisera ni bure.

Binti yangu ana miaka 15 hajavunja ungo. Nisubiri?

Usisubiri, mlete apimwe. Vivyo hivyo kijana wa miaka 14 asiye na dalili yoyote ya balehe. Na kijana aliyejifungia chumbani, halali usiku, hali chakula, amewaacha marafiki kwa zaidi ya wiki mbili, msiseme ni ujana tu. Keti naye, kisha njooni.

Bibi anasahau. Si uzee?

Kusahau alipoweka miwani ni jambo la kawaida. Kupotea njia ya nyumbani anayoipita kila siku si la kawaida. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni dharura: inaweza kuwa maambukizi, sukari, au kiharusi. Msimkandekande kwa mafuta mkisema kapitiwa na upepo. Mleteni, na dawa zote anazotumia mziweke kwenye mfuko mje nazo, maana nyingine ndizo zinazomchanganya.