Roketi za Marekani na hofu ya asiye raia
Wahandisi wengi wa kigeni huamini kwamba kampuni ya roketi ya Marekani haiwezi kuajiri asiye raia. Si kweli. Kanuni za ITAR, zinazolinda teknolojia ya kijeshi, roketi zikiwemo, humweka mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) kundi moja na raia. Kadhalika Mkongo aliyepokelewa huko kama mkimbizi: anaonyeshwa michoro ile ile bila leseni ya serikali. Mwenye H-1B, viza ya kazi ya muda, ndiye anayehitaji leseni.

Kinachowachanganya watu ni kibali cha kuona siri za serikali. Hicho kwa kawaida ni cha raia, na hujiombei, lazima udhaminiwe. Lakini si kila kazi ya roketi inayokihitaji. Bado matangazo huandika “raia tu”, pengine kwa uvivu wa kusoma kanuni. Mwaka 2023 Wizara ya Sheria iliishtaki kampuni ya roketi ya SpaceX kwa tuhuma za kuwabagua wakimbizi. 2025 ikaachana na kesi hiyo.